Somo la Utunzaji wa Kumbukumbu: Kaseti za Kompyuta Zilizokosa Chombo

Hisa za mwanachama ni mali yake na ya warithi wake. Mkulima wa Bonga, mjini Babati, akifariki, warithi huitegemea rejesta ya chama. Rejesta isiposomeka, haki yao hubaki maneno matupu.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na leja zikaendelea kutawala. Kwingineko duniani ofisi nyingi za miaka ya 1980 ziliweka nakala katika kaseti za utepe wa sumaku wenye upana wa robo inchi. Chama kikirithi kaseti ya namna hiyo, kisiitupe.

Kaseti hizo zina udhaifu wa aina mbili. Ndani yake mna mkanda unaouendesha utepe. Ukizeeka hulegea, hukatika au hugandamana na utepe. Katika chombo cha kusomea mna gurudumu la mpira, ambalo huyeyuka na kunata kama lami. Hata hivyo, maandishi yenyewe yaweza kuwa mazima.

Hatua za uokoaji ni hizi:

1. Kaseti ifungwe kwa kidude chake cha kinga, isiweze kuandikwa juu.
2. Kitafutwe chombo mbadala. Chombo cha baadaye cha jamii ile ile mara nyingi husoma kaseti za kizazi kilichotangulia. Gurudumu lililoyeyuka livishwe mpira mpya wa kipenyo kile kile.
3. Chombo kijaribiwe kwa kaseti isiyo na thamani.
4. Mkanda mbovu ubadilishwe kwa ule wa kaseti nyingine.
5. Utepe wote unakiliwe kama ulivyo. Kazi ya kufasiri ifanywe juu ya nakala.

Huko Marekani, picha za mwezi zilizopigwa mwaka 1966 na 1967 zilibaki katika tepu za mashine ya Ampex FR-900, iliyokwisha kuadimika. Mafundi waliunganisha vipuri vya mashine mbovu, na Novemba 2008 picha ya kwanza ikatolewa.

Nakala isiyo na chombo ni sanduku lililopotelewa na ufunguo. Basi kumbukumbu zihamishwe mapema, ziwekwe mahali pawili, na orodha ya hisa iliyotiwa sahihi ihifadhiwe katika karatasi.

Maswali ya kujadili
1. Nakala za chama chenu husomwa kwa chombo gani?
2. Lini zilijaribiwa mara ya mwisho?