Usiku Unaanza Saa Ngapi?

Somo la leo ni kelele za mtaani na usingizi wa mtu wa zamu ya usiku.

Mpakani mwa Kenya na Uganda kuna miji miwili yenye jina moja: Busia. Mtu huvuka kwa miguu kutoka Busia hii kuingia Busia ile. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 na za Kenya za mwaka 2009 ziliweka kipimo kimoja kwa mitaa ya makazi: kelele zisipite desibeli 50 mchana na 35 usiku. Lakini usiku wenyewe haukuanza pamoja. Kwa Kenya ulianza saa mbili, kwa Uganda saa nne. Kote uliisha saa kumi na mbili asubuhi. Basi kwa masaa mawili, radio ileile ingeweza kuwa kosa upande mmoja na halali upande wa pili.

Ninyi mtauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwa sababu kanuni zote mbili zilimlinda zaidi alalaye usiku. Hata neno la Kifaransa tapage nocturne, linalojulikana sana kwetu kuanzia Masisi hadi Walikale, lenyewe linataja usiku tu. Je, anayetoka shimoni asubuhi?

Huyo usingizi wake ni mfupi tayari, maana mwili haupendi kulala jua likiwaka. Tena kuna sikio. Mashini ya kutoboa mwamba hupita desibeli 100. Wataalamu wengi huhesabu hivi: desibeli 85 ni kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu! Hata aliyevaa vizibo vya masikio anahitaji masaa mengi ya kimya kabla ya kurudi kazini. Akirudi na usingizi machoni na masikio yanayovuma, hatasikia mwamba ukilia kabla ya kuanguka.

Msiseme hayo ni ya Bisie tu, kule Walikale, ambako mashini zinachimba chini ya ardhi. Rubaya, katika Masisi, wengi huchimba kwa mikono, lakini kinu cha kusaga unga na mashini ya umeme mlangoni vinatosha kumnyima mtu usingizi.

Wako wanaokuja dispansere kuniomba vidonge vya usingizi. Mimi huwauliza kwanza: sombe inatwangwa wapi? Mara nyingi ni chini ya dirisha! Mama, twanga kabla baba hajafika, au ngoja alasiri. Weka kinu juu ya udongo na gunia, si juu ya simenti. Funika dirisha kwa kitambaa cheusi. Fungeni uzi mwekundu mlangoni, majirani wote wajue kwamba ndani mtu analala, na watoto wachezee mbali. Pombe si dawa: inalaza haraka, kisha inaamsha mapema.

Matanga, najua, hayana saa. Jirani akifiwa nawe hukulala, mwambie kapita wako kabla ya kushuka, akupe kazi ya juu siku hiyo.