Kuondoa Rangi kwenye Kochi

Kochi ni mali. Wengine wetu tumelinunua kwa mazao ya msimu mzima. Halafu siku ya kupaka rangi nyumba, tone moja linadondoka, basi, kochi limeharibika! Leo tujifunze kuliokoa bila kuwahatarisha watoto wetu.

Kwanza, tujue ni rangi gani. Rangi ya maji hupakwa zaidi ukutani. Rangi ya mafuta hupakwa zaidi milangoni na madirishani. Dawa ya hii siyo dawa ya ile.

Pili, tuwahi. Rangi mbichi hutoka, ikikauka inashika. Tuikwangue kwa kijiko, kisha tubonyeze kwa kitambaa kikavu. Tusisugue! Tukisugua, doa linatanuka.

RANGI YA MAJI. Tuchovye kitambaa katika maji ya sabuni, tukikamue, tubonyeze kutoka ukingoni kwenda katikati ya doa. Tusimwage maji, maana sponji ikilowa sana huota ukungu. Kama rangi imekwisha kukauka, tuilainishe kwa spiriti kidogo.

RANGI YA MAFUTA. Hapa maji hayafui dafu. Tutumie tapentaini kidogo kwenye kitambaa cheupe. Kisha tupitishe maji ya sabuni na kuacha kochi penye hewa mpaka harufu iishe.

Kabla ya kutumia spiriti au tapentaini, tujaribu kwanza nyuma ya kochi, pasipoonekana. Kitambaa kikichuja, tuache.

TAHADHARI. Spiriti na tapentaini hushika moto upesi. Tufanyie kazi nje, mbali na jiko, kibatari na sigara. Petroli tusitumie kabisa, kwani mvuke wake huweza kufuata moto ulio mbali. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta tusivirundike. Huweza kuwaka vyenyewe. Tuvianike nje kimoja kimoja.

Tena, tusitie tapentaini katika chupa ya soda. Hata tukiandika jina juu yake, sisi tutasoma, lakini mtoto mdogo hajui kusoma. Yeye anaona soda tu. Akinywa, tusimtapishe. Tumkimbize zahanati, na chupa yenyewe tuichukue.

Kochi lenye doa bado linakalika. Mtoto hana wa badala.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini tusisugue doa la rangi?
2. Nyumbani kwako, mafuta ya taa yanawekwa wapi? Je, mtoto anaweza kuyafikia?