"Fishwife" si bibi ya mvuvi



Juma lililopita, katika somo la Kiingereza, tulikuta neno "fishwife". Mmoja akatafsiri: "bibi ya mvuvi". Mwingine: "bibi ya samaki". Darasa lote tukacheka. Lakini wote wawili walikosa. Tuangalie hii neno vizuri.

1. Neno lenyewe. "Fish" ni samaki. "Wife" leo ni bibi ya mtu, lakini katika Kiingereza cha zamani "wif" ilikuwa mwanamke tu, ameolewa ao hapana. Hata "woman" imetoka humo: "wif" pamoja na "mann", maana yake mtu. Nyuma yake maana ya "wife" ikapunguka, lakini katika majina ya kazi ile ya kwanza ilibaki. Basi "fishwife" ni mwanamke muuza samaki. Tusishangae: kwa Kifaransa "femme" ni mwanamke na ni bibi vilevile, na "sage-femme" si bibi ya mtu, ni mzalishaji.

2. Juu ya nini ikawa tusi? Kule London, kwenye soko la Billingsgate kando ya mto Thames, wanawake walinunua samaki, wakaitwika kichwani ndani ya vikapu, wakaizungusha njiani wakiita wanunuzi. Frigo haikuwa, samaki isiyouzwa mapema inaoza. Njo maana walipaza sauti. Watu wakasahau kazi, wakashika kelele tu: "fishwife" ikawa mwanamke mwenye matusi. Hata jina la soko, tangu karne ya 17, likawa neno la kuitia matusi.

3. Na sisi? Tunaungama. Jioni moja, tukinyamazisha chumba cha masomo, tulisema: "Mnapiga kelele sawa wamama wa samaki!" Wengi walicheka. Mmoja aliinamisha kichwa. Kumbe mama yake anauza ndakala, na minervali yake inatoka ndani ya kile kikapu. Tulimwomba msamaha mbele ya wote, na neno lile hatutalisema tena.

Neno la kazi halizaliwi tusi. Ni vinywa vya watu vinaligeuza.

Zoezi: "ale" ni namna ya bia. "Alewife" wa zamani alifanya kazi gani? Msijibu "bibi ya mlevi"!