Somo kwa Waimbaji: Vyombo vya Kujifunzia na Kukamata Sauti Nyumbani

Somo hili limetoka katika ulizo ambalo waimbaji waliniletea kisha ibada: tununue chombo gani ili tujifunze kuimba nyumbani na kukamata nyimbo zetu?

Tufungue kwanza 1 Mambo ya Nyakati 25:7. Waimbaji wa hekalu walihesabiwa 288, na wote walikuwa wamefundishwa. Kumbe mafundisho yalitangulia.

Sisi tulianza kwa kukosa. Tulichanga franga miezi mingi, tukanunua mikro ya kung'aa katika duka moja. Tulipoifikisha lupangoni haikutoa sauti hata kidogo. Ilikuwa ya namna inayoitwa kondensa: inaomba umeme wa volti 48 kutoka chombo kingine, nacho hatukuwa nacho. Muuzaji alikataa kuirudisha. Tukiwa tungali tunachanga tena, mama mmoja mzee akalala katika Bwana. Nyimbo tatu za wazee wetu wa mwanzo alizijua yeye peke yake mpaka mwisho. Na siku hizo zote telefone yenye kuweza kuzikamata ilikuwa katika mfuko wangu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza: usinunue kitu bado. Chukua telefone uliyo nayo, utengeneze chumba. Nyumba zetu za ukuta wa simenti na mabati zinarudisha sauti kama pipa tupu. Tundika bulangeti mbili ukutani, simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, funga dirisha. Weka telefone juu ya kitambaa kilichokunjwa, isiguse meza yenyewe. Mwimbaji mmoja asimame mbali nayo kadiri ya mkono mmoja. Korali isimame metre mbili, na wenye sauti kubwa nyuma. Jaribuni nusu dakika mahali pa nguvu zaidi pa wimbo. Sauti ikikwaruza, rudini nyuma hatua moja. Wanaokaa kando ya barabara ya malori ya madini wangoje usiku, na mvua ikipiga mabati, acheni kabisa.

Kwa kujifunza, ekuteri za waya zinatosha. Ziba sikio moja kwa sauti ya kiongozi, la pili liache wazi ujisikie mwenyewe. Hapo ndipo utajua kama unashuka. Ni uchungu kidogo, lakini tutafanya nini?

Franga zikipatikana, kuna njia mbili. Ya kwanza ni rekoda ndogo ya mkononi, yenye mikro ndani yake na pili za kawaida. Mimi naipenda hii, kwa sababu umeme unakatika hovyo. (Waya mkubwa wa Inga, kilometre 1,700 hivi, unafika hapa Kolwezi tangu mwaka 1982, na kobalti ya udongo wetu iko katika batri za telefone duniani kote, lakini sisi tunaimba kwa mshumaa.) Ya pili ni mikro ya dinamiki, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966. Haiombi volti 48 na inavumilia kuanguka, lakini za kuigiza ni nyingi sokoni. Tena haiingii katika telefone moja kwa moja. Inataka kadi ya sauti katikati. Ulizeni jambo hilo kabla ya kulipa, na chombo kijaribiwe mbele yenu.

Bafle kubwa zingoje. Zinapeleka kosa mbali zaidi.

Msidharau vyombo vidogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkamata Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo: mtu mmoja na gitaa moja, na hata leo anasikilizwa. Missa Luba iliimbwa Kamina mwaka 1958 kwa sauti za watoto na ngoma.

Mkiisha kukamata, kabla ya wimbo mtu aseme jina lake, jina la wimbo na tarehe. Hifadhini ile ya WAV, hata ikijaza nafasi, na MP3 iwe ya kutumiana. Nakala moja ikae kwa karani wa parokia, ya pili katika kadi ya memori kwa kiongozi wa korali, katika nyumba nyingine. Na anzeni na wazee, siku ya posho hii.