Mikono ya Trekta Inayoshuka Yenyewe

Katika nchi yetu ya Ugogo mvua ni ya msimu mmoja tu. Aghalabu yaanza mwezi wa Desemba na kuisha Aprili, na kwa kadiri haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mtu aliyekosa kulima majuma mawili ya kwanza huenda akakosa chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo leo twataka kueleza ugonjwa mmoja wa trekta kuukuu, nao ni huu: trekta yainua plau, lakini ikisimama kitambo plau yashuka yenyewe polepole mpaka chini, kwa kuwa mafuta yavuja mahali fulani ndani ya mashine ya kuinulia.

Ugonjwa huo tuliuona Kizota, katika mji wa Dodoma, kwenye mtaa ulio karibu na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Trekta ilikuwa Massey Ferguson 135, namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba pampu imekufa, hana budi kununua nyingine, naye alikuwa akitafuta mtu wa kununua ng'ombe wake wawili. Siku ile kijana wake alikuwa amelala chali chini ya plau iliyoinuliwa, injini imezimwa, apate kutazama mafuta yadondoka wapi. Tulimwita atoke, akatoka huku akitucheka. Basi tukakaa kivulini kuzungumza na baba yake, na kabla hatujamaliza habari za shamba visahani vya plau vilikuwa vimekwisha kuuma udongo pale pale kilipokuwa kifua chake. Hatukumwambia neno. Aliona mwenyewe.

Jambo la kwanza, basi, kabla ya kushika spana, ni hili: plau ishushwe mpaka chini ndipo kazi ianze. Ikiwa lazima ikae juu, itegemezwe kwa magogo mazito, wala mtu asiingize hata mkono chini yake. Jeki peke yake haitoshi. Tena mafuta ya mashine hii yana nguvu kupita mara 50 ya upepo uliomo katika tairi la gari. Yakichuruzika katika kitundu kidogo yaweza kupenya ngozi kama sindano. Kwa hiyo usipapase kwa kidole kutafuta mahali panapovuja. Tumia kipande cha ubao au karatasi ngumu. Mtu aliyepenywa na mafuta hayo apelekwe hospitali saa ile ile, ijapokuwa jeraha ni dogo na haliumi.

Sasa tueleze jinsi mashine yenyewe ilivyo, maana asiyejua njia ya mafuta hawezi kujua yapotea wapi. Aliyefikiri mpango huu ni Bwana Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Zamani plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Yeye aliishikiza kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, akafanya mafuta yaiinue na kuishusha. Trekta zake za TE20 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, nazo zilikuwa zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na ile 135 ya Kizota ni mjukuu wa TE20.

Katika trekta za ukoo huu pampu haionekani kwa nje. Imezama katika mafuta yale yale ya giaboksi na difu, nayo ina pistoni ndogo nne. Yavuta mafuta, yayasukuma kupanda katika bomba lililosimama wima, yaingie katika silinda iliyo chini ya mfuniko mkubwa ulio chini ya kiti. Humo imo pistoni moja kubwa. Ikisukumwa, mikono yainuka. Mkulima akitaka plau ikae juu, vali ya pampu yafunga njia, mafuta yakawa kama mfungwa. Mfungwa akipata upenyo, plau yashuka.

Upenyo huo waweza kuwa mahali patatu: kwenye ringi za pistoni kubwa, kwenye ringi za mpira zilizo katika ncha mbili za lile bomba, au kwenye vali za pampu yenyewe. Mafundi wengi hurukia pampu, ambayo ndiyo ya thamani kubwa. Sisi kazi yetu ni kalamu, wala hatujidai ufundi, lakini twaona ni vibaya kumwuzisha mtu ng'ombe kabla ya kutazama.

Kutazama kwenyewe si kugumu. Plau ikiwa chini, osha trekta nje kwa mafuta ya taa na brashi, maana vumbi la Dodoma likiingia ndani lala chuma. Ubavuni mwa trekta pana kifuniko kidogo kilichofungwa kwa bolti. Punguza mafuta, uyakinge katika chombo safi, mpaka yashuke chini ya tundu hilo, kisha fungua. Washa injini, inua plau, zima injini, umulike ndani kwa tochi huku umesimama ubavuni, mbali na plau. (Kumbuka kwamba pampu haizunguki mpaka utie ule mkono wa shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine. Tumesikia habari ya mtu aliyefungua trekta nzima, kumbe mkono huo haukutiwa! Na shafti hiyo huzunguka pamoja na pampu, kwa hiyo watu wenye mashuka na kanga wakae mbali.)

Ukiona mafuta yadondoka katika mdomo wa silinda, ringi za pistoni zimechoka. Yakichuruzika kwenye shingo la bomba, ni ringi ya mpira. Na kama huko juu ni kukavu, na plau yazidi kushuka, hapo ndipo pampu ishitakiwe. Mafuta yakionekana nje tu, yameshikamana na vumbi kwenye mashina ya mikono, hiyo ni sili ya shafti ya mikono. Yapoteza mafuta, lakini siyo iangushayo plau.

Trekta ya Kizota ilionyesha bomba. Tulishusha plau, bomba likachomolewa kutoka juu pasipo kuondoa mfuniko mkubwa, na tazama, katika ncha ya chini ilikuwapo ringi iliyokatwa kwa wembe katika mpira wa ndani wa baiskeli! Fundi wa kwanza hakuwa na spea. Mpira wa namna hiyo hauwezi kuvumilia mafuta. Huvimba, hulainika, hata ukaoza. Ringi ifaayo hutengenezwa kwa mpira wa namna nyingine usioharibiwa na mafuta, na bei yake ni ndogo kuliko kuku.

Kama ingalikuwa pistoni, kazi ingalikuwa kubwa zaidi: kuondoa kiti na mfuniko mkubwa, ambao si mzigo wa mtu mmoja, na kutazama kama silinda imekwaruzwa. Iliyokwaruzwa haiponi kwa ringi mpya. Na wakati wa kurudisha, vijiti viamrishavyo pampu lazima vikae mahali pake, mtu mmoja akiviangalia kwa lile tundu la ubavuni.

Jambo hili la spea si geni mkoani kwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikaleta trekta nyingi, na baadhi yake zilikuwa kuukuu zilizotoka katika akiba za vita. Hazikupita siku nyingi sehemu kubwa zikawa zimelala, hazina mafundi wa kutosha wala spea, na ardhi ilipokauka ilizidi kuvunja vyombo. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951.

Turudi Kizota. Mafuta yaliyotolewa yalikuwa meupe kama maziwa, dalili ya maji: ule mpira wa kufunika shina la gia ulikuwa umepasuka, na trekta ililala nje masika mazima. Mafuta hayo yalimwagwa yote, pampu ikasafishwa chujio lake, yakatiwa mapya ya namna iliyotajwa katika kitabu cha trekta. Mpira wa gia ukabadilishwa pia. Kisha plau ikainuliwa, injini ikazimwa, nasi tukachukua chaki tukapiga mstari juu ya mti uliosimamishwa kando ya plau, sawasawa na ukingo wa kisahani. Yule kijana alikaa mbali, akitazama. Baada ya saa nzima kisahani kilikuwa kimeshuka upana wa kidole kimoja tu, na yule mzee akaenda kumwambia mnunuzi kwamba ng'ombe hawauzwi.