Ukiugua au Kufiwa Kabla ya Shauri la Nidhamu

Mwalimu wa Kiwangwa aliyeitwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, au muuguzi wa Bagamoyo anayetakiwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, huugua na kufiwa kama mtu mwingine yeyote. Akiomba kikao kisogezwe haombi fadhila. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na mtu asiyeweza kukaa wala kufuata maswali hawezi kusikilizwa. Haki hiyo hupotea kwa kunyamaza. Kwa walioajiriwa hotelini au shule binafsi, kanuni za ajira za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinamruhusu mwajiri kuendelea bila wewe ukikataa kuhudhuria pasipo sababu ya msingi. Kwa hiyo barua ya kuomba kusogezwa iwafikie waliokuita kabla ya siku ya kikao.

Wengi huambatisha ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya siku tatu na kudhani wamemaliza. ED inasema huwezi kufanya kazi. Haisemi huwezi kujitetea. Aliyevunjika mguu hapandi ngazi za shule, lakini anaweza kujibu maswali akiwa ameketi. Mwombe daktari aandike mambo matatu: nini huwezi kufanya kikaoni, tangu lini, na unatarajiwa kupata nafuu lini. Jina la ugonjwa si lazima litajwe. Hiyo ni siri yako, na mgonjwa wa akili au mwenye VVU asilazimike kuifichua mbele ya wakuu wake ili tu aaminiwe.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja kumbukumbu namba ya wito, sababu, kiambatisho, kisha pendekeza tarehe mpya. Hapo kwenye tarehe ndipo maombi mengi huanguka: anayeandika “hadi nitakapopona” anasomeka kama anayekimbia. Na kama hujajibu hati ya mashtaka, jibu ndani ya muda uliopewa, hata kwa kumsimulia ndugu akuandikie nawe utie saini. Kusogezwa kwa kikao hakusogezi muda huo.

Kwa msiba, ambatisha kibali cha mazishi au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Cheti cha kifo kitafuata. Omba siku zinazotosha kuzika, matanga na safari ya kurudi. Arobaini usiisubiri.

Mjane aliye edani yuko kwenye hali ngumu zaidi, na pwani yetu wajane hao ni wengi. Eda, muda ambao mjane Mwislamu hukaa ndani baada ya kufiwa na mume, ni miezi minne na siku kumi, na sidhani kamati yoyote itangoja muda wote huo. Wala si haki kumlazimisha aingie kikaoni wiki ya pili baada ya kuzika. Namshauri aombe wiki chache za mwanzo, kisha apendekeze njia: utetezi wa maandishi, mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, au kikao cha mchana karibu na nyumbani. Azungumze na sheikh wake mapema kuhusu kutoka kwa dharura, na aeleze hali yake waziwazi kwenye barua. Wajumbe wasio Waislamu huenda hawaijui eda, na hawatakisia.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Ujumbe wa WhatsApp utumwe pia, lakini usiutegemee peke yake.

Ukikataliwa, usisuse. Nenda ukiweza, au mtume mwakilishi, na taka ombi lako na sababu za kulikataa ziandikwe kwenye muhtasari. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeachishwa kazi, maandishi hayo ndiyo atakayobeba kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako malalamiko hupelekwa ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa hata ukiwa wodini. Ukichelewa itakubidi uombe kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba kila siku ya kuchelewa, hata moja, lazima ielezwe. Tunza basi kila karatasi ya hospitali yenye tarehe, pamoja na ile ya kuruhusiwa.