Kufundisha Ukaguzi wa Orodha ya Diski

Maktaba ikipoteza orodha yake, vitabu vingali rafuni, lakini kukipata kimoja ni taabu. Ndivyo ilivyo diski ya kompyuta: kando ya mafaili, hutunza orodha ya majina, ukubwa na mahali yalipo. Umeme ukikatika ghafla, orodha hiyo yaweza kuvurugika.

Katika kufundisha ukarabati wake, tunapendekeza hatua nne, zifuatwe kwa taratibu:

1. Kunakili. Yaliyomo yanakiliwe kwanza kwenye diski nyingine.

2. Kutenga. Diski isirekebishwe ilhali inatumika. Katika Linux, amri ya umount huitenga.

3. Kukagua. Amri ya e2fsck -fn husoma tu, haibadilishi kitu; katika Windows, chkdsk bila /f hutoa taarifa tu. Ndivyo mwalimu asomavyo daftari la mtoto kabla ya kushika kalamu nyekundu.

4. Kurekebisha. Sasa itumike e2fsck -f, ambayo huomba idhini kabla ya kusahihisha, au chkdsk /f.

Sisi wenyewe tuliwahi kuiruka hatua ya kwanza. Orodha ilinyooka, lakini mafaili ya alama za wanafunzi tuliyakuta katika saraka ya lost+found, yakiwa na tarakimu badala ya majina. Ilitubidi kuyafungua moja moja, na mengine hayakusomeka. Amri hizi hunyoosha orodha, hazirudishi kilichopotea.

Zoezi: Eleza kwa nini hatua ya tatu haipaswi kuunganishwa na ya nne.